PhD ya siasa Marekani bila masters
Je, ni lazima uwe na masters (shahada ya pili) kabla ya kuomba PhD (shahada ya uzamivu) Marekani? Hapana, si lazima. Idara nyingi za sayansi ya siasa Marekani hudahili watu wa PhD moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza. Miaka miwili ya mwanzo ni madarasa (takwimu zimo, usizikimbie), kisha mitihani mikubwa ya maeneo yako mawili, mfano siasa linganishi na uhusiano wa kimataifa, ndipo tasnifu. Masters mara nyingi unapewa humohumo njiani. Hesabu miaka 5 hadi 7.

Pesa nayo: ukidahiliwa PhD kwa kawaida unasamehewa ada na kupewa posho kwa kusaidia kufundisha, wakati masters peke yake wengi hujilipia. Maombi hufungwa Desemba hadi mapema Januari.

Angalizo kwa Watanzania: baadhi ya vyuo havihesabu shahada yetu ya miaka 3 kuwa sawa na ya kwao ya miaka 4, hata ukiwa na kidato cha sita. Waandikie watu wa udahili kabla hujalipa ada ya maombi, maana hairudishwi. Hapo ndipo masters ya nyumbani inapookoa.