Maswali ya Wasomaji: Nitapataje viungo vya kuelekeza wasomaji kwenye tovuti yangu bila kuvinunua?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi cherehani hapa Tanga. Kwa mwaka mmoja sasa nimekuwa nikiandika katika tovuti yangu maelezo ya ushonaji na utunzaji wa cherehani, lakini hakuna tovuti nyingine inayoweka kiungo cha kuwaelekeza wasomaji kwangu, na kwenye Google kurasa zangu hazionekani. Rafiki mmoja amenishauri nichanganye vichekesho vinavyozunguka kwenye simu ili watu wavutiwe. Mwingine amenionyesha mtu anayeuza viungo. Nimfuate yupi? Nimekuambatishia ukurasa mmoja uutazame. (Fundi, Tanga)

JIBU: Dada fundi, usimfuate yeyote kati yao, ingawa yule wa kwanza ameukaribia ukweli. Nianze na wa pili, kwa kuwa habari yake ni fupi. Tangu Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998, mtambo wao umekihesabu kiungo kinachotoka tovuti nyingine kama aina ya kura, na kura ya tovuti inayoheshimika ina uzito zaidi. Biashara ya kuuza kura ikazuka, na mwezi Aprili 2012 kampuni hiyo ikaleta mabadiliko yaliyoitwa Penguin, ambayo yalizishusha tovuti nyingi zilizokuwa zimejipandisha kwa ujanja huo. Fedha hiyo nunulia vitambaa.

Sasa tuje kwenye ucheshi. Mtu anayeweka kiungo cha kuja kwako anamwambia msomaji wake, "Nenda pale, hutajuta," yaani anakudhamini kwa jina lake. Kichekesho cha simu hakina mwenyewe, na kila mtu amekwisha kutumiwa mara tatu; ni nani atakayekudhamini kwa kitu alicho nacho tayari mfukoni? Ucheshi unaovuta viungo ni ule unaotoka ndani ya kazi yenyewe, ambao asiyeijua kazi hiyo asingeweza kuubuni.

Ukurasa ulioniletea unaanza hivi: "Kukatika kwa uzi wakati wa kushona ni tatizo linalosababishwa na sababu mbalimbali." Ni kweli, lakini nimeisoma sentensi hiyo bila kuiona cherehani wala mshonaji. Jaribu hivi: "Uzi ukikukatikia mara tatu kabla hujamaliza pindo moja, usianze kumshuku aliyekuuzia uzi, wala jirani mwenye jicho baya, itazame sindano, kwani huenda uliichomeka kinyume usiku umeme ulipokatika." Aliyewahi kuhangaika na uzi atatabasamu kwa kuwa amejiona humo, na papo hapo amekwisha kupata mahali pa kuanzia. Ukiondoa mzaha huo, umeondoa na maelekezo. Endelea hivyo hivyo hadi kwenye sindano iliyopinda na uzi uliokazwa kupita kiasi, bila kulazimisha kicheko katika kila aya, maana aya ya hatua za kufuata inatakiwa iwe safi kama mshono wa shati jeupe. Wanaotunga majina ya kanga wanalijua jambo hili kuliko sisi wa magazetini: maneno machache juu ya pindo, yenye fumbo na mizani, na mwanamke anavuka mtaa kumwonyesha jirani.

Kuhusu mipaka, shika ile ile ya utani. Mnyamwezi humtania Mzaramo hata msibani kwa sababu wote wawili wana haki hiyo; mpita njia akiyasema maneno yale yale, ametukana. Wewe unayo haki ya kuwatania mafundi na ile "njoo kesho" yao, kwa kuwa u mmoja wao. Mteja aliyekuja kupimwa kiuno hana utani nawe, na vipimo vyake ni amana. Nakusihi usimwandike, hata bila kumtaja jina. Nimeona ukurasa wako wa "wateja wa ajabu", na kwa maoni yangu uuondoe leo.

Kichwa cha habari kibaki wazi kabisa. Mtu aliyekwama saa nne za usiku huandika "uzi unakatika kwenye cherehani", hawezi kubahatisha mzaha ulioufikiria wewe. Weka pia picha ya sindano uliyoipiga mwenyewe, kwa karibu, upande wake bapa ukionekana. Picha kama hiyo ndiyo inayomfanya mwalimu wa ushonaji akuelekezee wanafunzi wake.

Ujue pia kwamba kiungo kinachotumwa katika makundi ya WhatsApp kinakuletea wasomaji, lakini Google haikioni, kwa hiyo hakihesabiwi. Waandikie moja kwa moja wenye tovuti zinazohusu vitambaa, cherehani na mafunzo ya ufundi, kwa adabu na kwa ufupi, ukiwapelekea ukurasa mmoja tu, ule ulio bora kuliko zote, na ukisema utamfaa nani miongoni mwa wasomaji wao.

Ukurasa wa pili uwe juu ya nguo za Idi: kwa nini fundi huchelewa, na mteja afanye nini asije akalala dukani mkesha wa sikukuu. Uutoe kabla ya Ramadhani kuanza, wakati vitambaa bado havijakatwa.