Shangazi, ninunue lenzi ya 10x?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Natarizi kwa mkono, na pia nasuka lesi ya vijiti juu ya mto, ile ya kupishanisha nyuzi zilizozungushiwa vijiti na kuzishikilia kwa pini. Tangu nivuke miaka 45, matundu ya kitani cha nyuzi 32 kwa inchi yananipotea, hasa usiku. Nimeona lenzi za kuvaa kichwani, za kuning'iniza shingoni, na taa zenye lenzi. Zingine zimeandikwa 2x, yaani hukuza mara mbili, zingine hadi 10x. Nikichukua ya 10x si nitakuwa nimemaliza kazi?
Mtarizi Mkodoa Macho

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo ya 10x waachie wanaokagua vito. Inataka kazi ikae sentimita 2 na nusu tu kutoka kwenye lenzi. Sindano utaipitisha wapi? Tena lenzi ikikuza sana huonyesha sehemu ndogo mno, nawe kwenye lesi unataka kuona pini na jozi kadhaa za vijiti kwa pamoja.

Kabla ya kununua chochote, keti kama unavyoketi kazini, mtu akupime kwa futikamba kutoka jichoni hadi kwenye uzi. Nenda na kipimo hicho kwa daktari wa macho. Umri wako ndio ule ambao lenzi ya jicho imeanza kukakamaa, na huenda miwani tu ikatosha. Lakini ukinyamaza atakupimia umbali wa kusoma kitabu, na mto wa lesi si lazima ukae hapo.

Ukihitaji lenzi bado, uliza ina dayopta ngapi, yaani kipimo cha nguvu ya lenzi. Gawanya 100 kwa namba hiyo, upate sentimita za umbali wa kazi: dayopta 3 ni kama 33, dayopta 5 ni 20. Kwa mikono inayozunguka na vijiti, mimi sivuki 5.

Kwa kuwa una kazi mbili, ningechukua ya kichwani yenye lenzi za kubadilisha. Huvaliwa juu ya miwani, na inageuka nawe unapogeuza mto. Ukisimama, ipandishe kwanza, usije ukapepesuka. Taa yenye lenzi ni nzuri kwa anayekaa mahali pamoja, ila chagua yenye mkono imara usioshuka polepole ukiwa katikati ya fundo. Ya shingoni siipendi: inaegemea kifua, ukipumua nayo inapumua.

Sasa, umesema "hasa usiku". Hapo ndipo penye shida yako, naona. Jicho la miaka 60 hupokea ndani takriban theluthi moja ya mwanga unaofika kwenye jicho la miaka 20, na wewe uko njiani. Weka taa nyeupe upande wa mkono usioshika sindano, ili kivuli cha mkono kisiangukie kazi. Halafu tandaza kitambaa cheusi mapajani chini ya kitani cheupe: kila tundu litageuka kuwa nukta nyeusi, utayahesabu bila kukodoa. Ukishona kwenye kitambaa cheusi, tandaza cheupe.

Na ukiona ukungu, au taa zikawa na duara la mwanga, mweleze daktari; hilo haliponi kwa lenzi.

Ukimaliza kazi, ifunike lenzi yako. Jua la dirishani likipita ndani yake huchoma kitambaa, na moto wa nyumba umewahi kuanza hivyo.