Koo la Mzee Baada ya Nusu Kaputi: Pimeni Puto

Msomaji ametuandikia kuhusu baba yake wa miaka 74. Kafanyiwa upasuaji wa ngiri, kidonda kimetulia, ila koo linamuuma tangu alipozinduka. Anauliza ampe dawa gani. Dawa tutafika, lakini koo hili hulindwa kabla mgonjwa hajaamka.

Mgonjwa wa nusu kaputi mara nyingi hupitishiwa kooni mrija wa kupumulia. Karibu na ncha ya mrija huo kuna puto dogo linalojazwa hewa ili lizibe pengo kati ya mrija na koo la hewa. Shinikizo lake likae kati ya sentimita 20 na 30 za maji (ndicho kipimo cha shinikizo hili). Likizidi 30, damu haipiti vizuri kwenye utando wa koo la hewa, nao huchubuka. Wazee wengi utando wao umeshakauka kwa umri na kwa dawa wanazomeza, hivyo huumia upesi.

Bado wapo watoa usingizi wanaobonyeza puto kwa vidole na kusema limetosha. Vidole havipimi! Chumba cha upasuaji kiwe na manomita ya puto, yaani kifaa cha kupima shinikizo lake, basi. Mkitumia gesi ya usingizi ya naitrasi oksaidi, rudieni kupima, kwa sababu gesi hiyo hupenya ndani ya puto na kulifurisha. Manomita ikikosekana, jazeni kidogo kidogo, na mlio wa hewa inayovuja ukikoma, hapo hapo mkomee.

Mrija namba 7 kwa mama na 7.5 kwa baba hutosha upasuaji mwingi. Wakati wa kuutoa, makohozi yafyonzwe kwa kuangalia, si kwa kuchokoa. Deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, miligramu 8 kwenye mshipa husaidia, ila hupandisha sukari. Na pale sindano ya ganzi ya mgongoni inapofaa badala ya nusu kaputi, kama kwenye ngiri nyingi, ulizeni mapema: mrija hauhitajiki kabisa.

Wodini, mzee akiruhusiwa kunywa, awe macho kabisa, aketi wima, aanze na kijiko cha chai cha maji. Akikohoa, au sauti ikasikika kama ina maji, acheni na mwiteni muuguzi. Pipi za koo zisubiri usingizi uishe, atapaliwa. Parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6 inatosha. Aliye chini ya kilo 50 au mwenye ugonjwa wa ini apangiwe dozi ndogo. Diklofenaki msimpe kienyeji, figo za wazee haziihimili.

Maumivu ya kawaida hupungua ndani ya siku 2 au 3. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki, arudi kliniki. Akishindwa kumeza mate, akipumua kwa mlio, akipata homa na maumivu ya kifua, au shingo ikivimba, hospitali saa hiyo hiyo.