Kabla ya kuleta mtambo kijijini, leteni daftari

Mtambo wetu wa umeme wa maji ulisimama miezi mitano kwa sababu ya beringi, kile chuma cha mviringo kinachobeba mhimili unaozunguka. Maji yalikuwa tele, nguzo zimesimama, jenereta nzima. Fundi aliyetoka Njombe alisikiliza ule mlio wa kukwaruza, akatuambia beringi mbili, pamoja na nauli na ufundi wake, ni shilingi laki tatu na nusu. Tukafungua sanduku la kamati. Ndani mlikuwa na elfu arobaini na moja.

Kaya 62 zilikuwa zimelipa kila mwezi kwa zaidi ya mwaka. Mimi ndiye niliyekuwa katibu, na siku ile kwenye mkutano nilishindwa kueleza pesa ilikwenda wapi. Haikuwa imeibwa. Ilitoka kidogo kidogo: soda za wageni, mchango wa msiba, bati mbili za ofisi ya kijiji, mkopo kwa mjumbe aliyeuguliwa na mtoto. Kila tulipotoa tulikuwa na sababu nzuri, na hatukuandika hata moja.

Naandika haya kwa sababu napigiwa simu na watu wa vijiji vingine, wengi wa huku kwetu nyanda za juu za Ludewa, kusini mwa Tanzania, wanaotaka kuanzisha mtambo kama wetu au kufufua uliokufa. Karibu wote huanza kuniuliza mashine inauzwa wapi. Mimi huwauliza kwanza nani atashika pesa, na nani ataisoma hadharani.

Mfadhili wetu alipokabidhi mradi alisema, "Sasa huu ni wenu." Tulipiga makofi. Lakini kitu hakiwi chenu kwa kuambiwa. Tulichimba mfereji kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, tukabeba kichwani mawe ya banio, ule ukuta wa kuelekeza maji ya mto kwenye mfereji, na bado mtambo ulipozimika watu walisema "umeme wao umeharibika." Wao ndiyo sisi kamati. Niliumia sana kulisikia neno hilo, lakini baadaye nilielewa. Mwananchi alikuwa anatoa pesa na kupata taa, basi. Hakuwa na nafasi yoyote ya kuhoji.

Tulipoanza upya hatukuitisha mkutano mkuu kwanza. Kwenye mkutano mkuu huzungumza wanaume walewale watano, wengine wanaitikia, kisha wanaenda kunung'unikia nyumbani. Tulizunguka kitongoji kwa kitongoji, jioni, tukakaa jikoni kwa watu. Kuna mama mmoja alinijibu akiwa anachambua maharage, bila kuinua macho: "Mwanangu, mimi taa nitaizima nilale. Mahindi je? Kesho nayabeba tena kichwani hadi kijiji cha pili." Tulikuwa tumeendesha mtambo mwaka mzima kwa ajili ya taa, huku mchana umeme wote ukipotea bure, na akina mama wanapita mbele ya nyumba ya mitambo na debe kichwani.

Tulinunua mashine ya kusaga kwa mkopo wa kikundi cha VICOBA, kikundi cha kijijini cha kuweka na kukopa. Mchana inasaga, jioni inazimwa, taa zinawaka. Leo pesa ya kusaga inazidi ada za taa, na kwa maoni yangu mradi usio na kazi ya mchana hautafika mbali. Muulizeni mama kabla hamjamuuliza mhandisi.

Sasa daftari. Utaratibu wetu ni huu: ada hulipwa kwa simu kwenye namba ya kikundi, na pesa haitoki bila watu watatu kuidhinisha, mmoja wao lazima awe mwanamke asiye mjumbe wa serikali ya kijiji. Katika kila shilingi elfu moja inayoingia, mia tatu ni za matengenezo, na haziguswi hata kwa msiba. Hilo la msiba lilileta mabishano makali, maana kwetu huwezi kumnyima mfiwa. Tukakubaliana kuwa na mfuko mwingine wa kufarijiana, kila mtu anauchangia kwa hiari. Jumamosi ya kwanza ya mwezi, siku ya soko, mhazini anasoma mapato na matumizi yote kwa sauti, mstari kwa mstari.

Jambo la pili lililotuumiza ni mtunza mtambo. Tulikuwa na kijana wa kujitolea. Hebu fikiria kazi yenyewe: saa kumi na moja alfajiri mwezi wa tatu, mvua inanyesha, ukungu umefunga bonde, na wewe umeingia majini hadi mapajani unakwangua majani kwenye chekeche la banio kwa reki, vidole vimekufa ganzi. Usipokwangua, maji yanapungua kwenye bomba na kijiji kizima kinaona taa zinafifia. Mtu atajitolea kwa wiki mbili. Masika nzima hawezi, wala si haki kumtaka. Mlipeni. Na msifundishe mmoja tu. Kijana wetu wa kwanza alipata kazi Dar es Salaam akaondoka na ujuzi wote. Sasa tuna wawili, mmoja ni dada mwenye nyumba na shamba lake hapahapa, na ndiye anayesikia beringi ikianza kulia kabla ya mtu mwingine yeyote.

Jueni pia nguvu mliyo nayo. Mto wetu ukitoa lita 50 kwa sekunde na maji yakishuka mita 40, tunapata kama kilowati 12. Mwezi wa kumi na moja lita zinashuka hadi 30, na umeme unashuka hadi kilowati 7. Waliotupimia walipima mwezi wa nne, mto umejaa, nasi tukaahidi watu umeme ambao haukuwepo. Pimeni mwisho wa kiangazi, na muahidi kile cha kiangazi. Pasi moja inakula wati 1,000, sawa na taa 200 za wati 5. Hatukuweza kukamatana nyumba kwa nyumba, kwa hiyo tulifunga kila nyumba breka ya ampea 1, na ugomvi wa pasi ukaisha.

Kuhusu chanzo cha maji, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Lakini huko ndiko watu wana vinyungu, bustani zao za bondeni za mboga na mahindi ya kiangazi. Ukipeleka mgambo, usishangae banio likibomolewa usiku. Sisi tulikaa na wenye vinyungu, walikuwa tisa. Waliokubali kusogea waliunganishiwa umeme bila malipo, na tulichangia nguvu kuwalimia maeneo mapya. Mikaratusi iliyokuwa juu ya chanzo tuliikata, tukapanda mivengi, miti ya asili isiyokausha maji. Na msisahau kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya maji ya bonde lenu. Ni makaratasi, yanachosha, lakini bila hayo mtu yeyote wa juu ya mto anaweza kuwakatia maji nanyi msiwe na pa kusemea.

Hatukubuni haya peke yetu. Hapa hapa Ludewa, Mawengi, watumiaji wa umeme wa maji waliunda chombo chao, LUMAMA, na nenda ukaone kwa macho. Kule Kenya, Tungu-Kabiri, mtambo wa kilowati 18 tu, wanakijiji walinunua hisa na kujenga kwa mikono yao. Nauli ya kwenda kuwaona waliotangulia ni pesa ya kwanza ambayo ningeitumia.

Jumamosi iliyopita mhazini alisoma, "Mafuta ya kulainisha mashine, elfu kumi na nane." Bibi mmoja asiyejua kusoma akanyoosha mkono: mwezi uliopita ilikuwa elfu kumi na mbili, imeongezeka kwa nini? Mhazini akatoa risiti mbili kwenye bahasha, akampa mjukuu wa bibi amsomee. Mjukuu akasoma tarehe, akasoma lita, akasoma bei. Watu wote sokoni tukasubiri. Bibi akatingisha kichwa kukubali, na mhazini akafungua ukurasa unaofuata.