Mkate wa kumimina wa bibi: kwa nini chini unashikana

Mleta uzi, umesema mkate wako wa kumimina juu unapendeza lakini chini unashikana bila vitundu, na kipimo alichokuachia bibi ni "vikombe viwili vya mchele, tui la nazi moja, hamira kidogo". Kipimo hicho hakina kosa. Kinachokosekana ni ukubwa wa kikombe, uzito wa tui na namna ya moto, mambo ambayo yeye aliyaona kwa jicho tu.

Kama kikombe chake bado kipo nyumbani, kijaze mchele, uupime kwenye mizani, uandike gramu zake. Kama hakipo, anzia hapa: mchele gramu 400, tui zito mililita 300, sukari gramu 180, hamira kavu kijiko 1 cha chai, iliki ya kusaga kijiko 1 cha chai, ute wa yai 1. Mchele uwe mbichi. Ule uliochemshwa kiwandani kabla ya kukobolewa hausagiki ukalainika, na mkate wake unakuwa na chengachenga.

Loweka saa 6 hadi 8, kisha uache mchele kwenye chujio dakika 10 nzima. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mchele uliolowekwa tayari umeshanywa maji, na yale yanayobaki katikati ya punje yanaongeza wepesi bila wewe kujua. Unga wa ngano una mnato wa kuzuia hewa ya hamira, mchele hauna. Kinachoshika mapovu hapa ni hasa uzito wa rojo. Likiwa jepesi, mapovu yanapanda juu na kupasuka, wanga unazama, na hilo ndilo tabaka lako la chini. Likiwa zito mno, vitundu havifunguki. Kwa hiyo saga na mililita 250 za tui kwanza, na zilizobaki uongeze kidogo kidogo. Rojo sahihi linamiminika taratibu kutoka kwenye upawa bila kukatika, na ukilisugua kwa vidole husikii chenga.

Tui lisiwe la moto, maana hamira itakufa. Vuguvugu linatosha. Na nazi ikunwe siku hiyo hiyo, kwa sababu tui lililolala kwenye joto linachacha na mkate wote utanuka.

Sukari mimi nashauri iingie baada ya rojo kuumuka, si kabla. Sukari nyingi inachelewesha hamira, halafu ikiyeyuka inalegeza rojo, kwa hiyo ukiitia mwanzoni utadhani uzito umekaa sawa kumbe bado. Tia hamira kwenye rojo, uliumue dakika 45 hivi, kwenye joto la Pwani hata 30. Likishapanda na kujaa mapovu, tia sukari, iliki na ute wa yai, ukoroge polepole mpaka sukari iyeyuke, uache tena dakika 15. Usilisubiri mpaka lizame lenyewe. Likishazama, hamira imechoka na ladha ya uchachu haitoki.

Sasa moto. Sufuria iwe nzito, ya sentimita 22 hadi 24, na rojo lisizidi kimo cha sentimita 4. Pasha sufuria na vijiko viwili vya samli mpaka ipate moto kweli, ndipo umimine. Sufuria baridi inalipa rojo nafasi ya kuzama kabla halijashika, na mkate unaganda chini pia. Acha juu ya moto mdogo dakika 5 bila kufunika, mpaka uone vitundu vikifunguka pembeni. Kisha funika na upalie: makaa mengi juu ya kifuniko, machache chini. Ukizidisha ya chini, mkate unaungua kabla ya katikati kuiva. Wenye oveni, anzeni vilevile jikoni dakika hizo 5, halafu muingize kwenye nyuzi 180, dakika 35 hadi 40. Hatua ya jikoni msiiruke, maana oveni nyingi haziwezi kupasha chini kwa haraka inayotakiwa.

Choma kijiti katikati, kikitoka kikavu umeiva. Usikate bado. Wanga wa mchele ukiwa wa moto unanata kwenye kisu, na ndani utaonekana mbichi hata kama umeiva. Ngoja saa moja au zaidi.

Ukibaki, usiuweke kwenye friji, kwa sababu mkate wa mchele unakakamaa haraka zaidi kwenye ubaridi. Ufunike kwa kitambaa na uliwe kufikia kesho yake asubuhi. Ukishakakamaa, uweke juu ya mvuke dakika 5, utarudi laini.