Pesa za mabilionea na kura ya bunduki Marekani: wasomaji wanauliza

Nasikia bilionea Michael Bloomberg, aliyekuwa meya wa New York, anamwaga mamilioni ili bunduki zidhibitiwe. Pesa hizo zimewahi kushinda? (Msomaji, Mombasa)

Zimeshinda, tena si mara moja. Februari 2013, kwenye mchujo wa chama cha Democrats wa kiti cha Bunge la Marekani huko Illinois, kamati yake ilitumia zaidi ya dola milioni 2, nyingi zikiwa za kumpiga vita Debbie Halvorson, aliyewahi kupewa alama A, yaani mtetezi mzuri wa bunduki, na chama cha wamiliki wa bunduki, NRA. Mpinzani wake, Robin Kelly, akapita. Mwaka 2014 wapigakura wa jimbo la Washington waliamua kila anayenunua bunduki achunguzwe kwanza, hata akiuziwa na jirani. Kampeni hiyo ilichangiwa pia na matajiri wengine, akina Bill Gates, Paul Allen na Nick Hanauer.

Kwa hiyo mwenye pesa hashindwi? (Msomaji, Dodoma)

Anashindwa, ndugu yangu. Tazama Colorado. Julai 2012 watu 12 waliuawa ndani ya ukumbi wa sinema mjini Aurora. Desemba, watoto 20 na watu wazima 6 wakauawa katika shule ya Sandy Hook, Connecticut. Miezi michache baadaye Bunge la Colorado likapiga marufuku magazini (vihifadhi risasi vya bunduki) za zaidi ya risasi 15 na kupanua uchunguzi wa wanunuzi. Wenye bunduki wakachachamaa. Mjini Pueblo, fundi bomba mmoja na wenzake walizunguka wakikusanya saini za kuitisha kura ya kumng'oa Seneta wa jimbo Angela Giron; Colorado Springs wakamwandama John Morse, rais wa Seneti ya jimbo. Wote wawili ni wa Democrats na waliunga mkono sheria hizo.

Bloomberg alitoa dola 350,000 kuwatetea, bilionea mwingine, Eli Broad, akatoa 250,000. NRA nayo ilitoa zaidi ya 300,000, lakini kwa jumla upande wa kuwatetea maseneta hao ulikuwa na pesa nyingi zaidi. Septemba 10, 2013 wote wawili waling'olewa, Morse kwa tofauti ya kura zisizofika 400. Kutokana na uamuzi wa mahakama, safari hiyo karatasi za kura hazikutumwa kwa posta kwa kila mtu kama watu walivyozoea, hivyo aliyekuwa na uchungu zaidi ndiye aliyekwenda kupanga foleni. Na jina la Bloomberg lenyewe likageuzwa silaha: tajiri wa New York anatuamulia mambo yetu! Mwaka mmoja baadaye Democrats walivirudisha viti vyote viwili.

Mbona NRA husemi? (Msomaji, Houston)

Nasema. Mwaka 2016 ilitumia zaidi ya dola milioni 30 kumsaidia Donald Trump. Ina ada za wanachama, ni kweli, lakini sheria haiilazimishi kuwataja wafadhili wake wote hadharani. Lakini 2019 huko Virginia, jimbo lenye makao makuu yake, kundi la Everytown analofadhili Bloomberg liliizidi kwa matumizi, na Democrats wakachukua mabunge yote mawili ya jimbo.

Wewe uko upande gani? (Msomaji, Nairobi)

Wa wazazi wa Sandy Hook, bila kusitasita. Ningependa kila mnunuzi wa bunduki achunguzwe. Lakini sifurahii hata kidogo kuona haki yao ikingoja hisani ya bilionea. Tangu hukumu za mahakama za 2010, kamati zinazojitegemea, zinazotumia pesa bila kuwachangia wagombea wenyewe, zinapokea pesa bila kikomo. Tajiri anayetetea ninachokipenda leo, kesho anaweza kubadili nia, na mama wa Pueblo hana pa kumwajibisha. Angalau kila jina nyuma ya kila tangazo litajwe.

Nina makaratasi ya ukaazi wa kudumu, si raia. Naweza kuchangia kampeni? (Msomaji, Columbus)

Kwa kampeni za shirikisho, yaani za urais na Congress, unaweza, dada, kwa pesa yako mwenyewe, ingawa kuzipigia kura huwezi. Kaka yako aliye Tanga, ambaye hana uraia wala ukaazi huo, haruhusiwi. Akikutumia pesa uzitoe kwa jina lako, zikatae: hilo ni kosa la jinai chini ya sheria za shirikisho.