Usisubiri viza ya mke, mwaka unakatika

Mkuu, hapana! Umesema VA, idara ya Marekani inayohudumia waliowahi kuwa wanajeshi, wanakulipa kwa ulemavu wa asilimia 40, ulifunga ndoa Moshi, mwezi ujao inatimiza mwaka, na kuna jamaa kakuambia mke umwandikishe VA akishafika Texas na kupata namba ya Social Security (namba ya utambulisho ya Marekani), eti nyongeza ya malipo kwa ajili yake itahesabiwa tu tangu siku ya ndoa. Huyo jamaa anakupotosha. Maneno hayo yanawakosesha watu haki yao, na wanaoyasambaza hawamlipi mtu hata senti.

VA wakipata taarifa ya ndoa ndani ya mwaka mmoja tangu mlipooana, nyongeza inahesabiwa tangu siku ya ndoa. Ukipitisha mwaka, inahesabiwa tangu siku walipopokea fomu. Chukua ndoa ya 14 Juni 2024. Fomu ikipokelewa 10 Juni 2025, malipo yanaanza 1 Julai 2024, maana hela huanza tarehe mosi ya mwezi unaofuata. Ikipokelewa 20 Juni 2025, yanaanza 1 Julai 2025. Umechelewa siku sita, umepoteza miezi 12! Na wanaangalia siku ya kupokelewa, si siku uliyosaini.

Namba isikutishe. Kanuni hazidai namba ya mtu ambaye hajapewa. Eleza kwenye fomu kwamba hana na anaishi Tanzania. Kuwa nje ya Marekani hakumwondolei sifa ya kuwa mkeo.

Fomu ni 21-686c. Ijaze mtandaoni, hifadhi uthibitisho wenye tarehe. Inapokwama ni kwenye ndoa za zamani, zako na zake: kila moja ilifungwa lini na wapi, ikaisha lini na kwa sababu gani. Ukiacha wazi watakuandikia, ujibu upesi. Kwa anayeishi Marekani kama wewe, maelezo kamili kwenye fomu kwa kawaida yanatosha, kwa hiyo usikae kusubiri cheti cha ndoa kisafirishwe. Wakikitaka na kiko kwa Kiswahili, kitafsiriwe Kiingereza.

Wengine mnaosoma: ukifikishwa asilimia 30, ambapo nyongeza ya mke huanza, kwa mara ya kwanza, mwaka wako unaanzia kwenye barua ya uamuzi. Asilimia hiyo ikihesabiwa kuanzia miaka miwili nyuma, nyongeza ya mke uliyekuwa naye wakati huo inarudi nayo, mradi utume taarifa zake ndani ya mwaka huo. Wengi wanaiweka barua kabatini wakishaona hela imeingia.

Uliyouliza pia kuhusu mama yako na kiasi cha nyongeza tutayaongea baadaye. Fomu ya mke iingie leo.